Kadi mbili na daftari moja la Karatu

Ujumbe uliingia kwenye simu kabla mashine haijamaliza kulia: shilingi 180,000 zimetoka kwenye akaunti yako. Hapo kaunta karatasi nyembamba ikajitokeza polepole kutoka mdomoni mwa ile mashine, na dada wa mapokezi akaisoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya.

"Imekataa, kaka. Naomba tujaribu tena."

Tukajaribu tena. Safari hii ikakubali, ikatema risiti, na simu yangu ikaita mara ya pili. Kwa hiyo saa mbili usiku, siku ya Ijumaa, kwenye nyumba ya wageni mjini Karatu, nilikuwa nimelipia siku mbili kwa bei ya siku nne. Akaunti ilibaki na elfu kumi na moja na senti zake. Nikapiga simu huduma kwa wateja ya benki yangu. Baada ya muziki mrefu, kijana mmoja mpole akanieleza kwamba pesa haijapotea, "iko kwenye mfumo". Niandike malalamiko, nisubiri siku za kazi saba hadi kumi na nne.

Siku za kazi. Jumamosi na Jumapili benki haizihesabu, lakini tumbo linazihesabu.

Kilichonichekesha, nilipokwisha kukasirika, ni kwamba nilikuwa nimekwenda Karatu kuandika kuhusu kadi. Swali nililobeba begini ni lile ambalo msomaji anayesafiri huuliza: kwa matumizi ya kila siku, ipi afadhali, kadi ya debiti au kadi ya mkopo? Nilidhani jibu nitalipata kwa kuwahoji watu. Mashine ikanipa kabla sijafungua daftari.

Kadi ya debiti ndiyo hii tunayoiita kadi ya ATM. Ukiipitisha, pesa inatoka kwenye akaunti yako papo hapo. Kadi ya mkopo haigusi akaunti yako. Benki inamlipa mwenye duka kwa pesa yake yenyewe, inakuandikia deni, na mwezi ukiisha inakuletea hesabu. Ukilipa yote ndani ya muda uliopewa, kwa kawaida hutozwi riba. Ukilipa kile kiwango cha chini tu wanachokubembeleza nacho, kilichobaki kinaanza kuzaa. Kwa sura ni mapacha: plastiki ileile, chipu ileile, nembo ileile ya Visa au Mastercard pembeni. Ndiyo maana wako Watanzania wengi wenye kadi ya debiti iliyoandikwa Visa ambao wanaamini kabisa kwamba wana kadi ya mkopo, mpaka siku salio linapokwisha.

Mambo yakienda sawa, huwezi kuona tofauti yoyote. Tofauti unaiona mashine inapogoma, na hapo swali linakuwa moja tu: pesa iliyokwama njiani ni ya nani? Ningekuwa nimetumia kadi ya mkopo, ile laki na themanini iliyopotelea hewani ingekuwa ya benki. Ningeandika malalamiko yangu taratibu, mfuko ukiwa kama ulivyokuwa asubuhi, na benki ndiyo ingekuwa na haraka. Kwa kuwa ilikuwa debiti, pesa ilikuwa yangu, haraka ilikuwa yangu, na benki ndiyo iliyokuwa na taratibu.

Wenzetu waliotangulia kwenye kadi jambo hili wamelitungia sheria. Marekani, mtu ambaye kadi yake ya mkopo imetumiwa na mwizi hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50. Kwa kadi ya debiti, sheria yao ya mwaka 1978 inampa ulinzi huohuo wa dola 50 iwapo atatoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ajue. Akichelewa, hasara yake inaweza kufika dola 500, na akilala zaidi ya hapo inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Uingereza wana kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974: ukinunua kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi pauni 30,000, benki iliyotoa kadi inabeba lawama pamoja na muuzaji. Kwa hiyo mstaafu wa Leeds aliyeilipa kampuni ya utalii kwa kadi ya mkopo aje aone kreta ya Ngorongoro ana benki nyuma ya mgongo wake. Kampuni ikifilisika kabla hajapanda ndege, anaweza kuidai benki. Jirani yake aliyelipa kwa debiti atabaki kuomba huruma ya utaratibu.

Na Karatu ni mahali pazuri pa kuwaona hao wawili wakishuka kwenye gari moja.

Mji huu uko kilomita kama 140 kutoka Arusha, kwenye lami inayopanda kutoka Makuyuni, ikapita Mto wa Mbu, ikakwea ukingo wa Bonde la Ufa, kisha ikatambaa katikati ya mashamba ya ngano, mahindi na kahawa ya Wairaqw. Mbele kidogo ni lango la Loduare, na baada ya hapo ni Ngorongoro na Serengeti. Ndiyo maana gari za watalii karibu zote husimama Karatu: mafuta, maji, upepo wa matairi, na benki. CRDB, NMB na NBC zote zina matawi hapa. Asubuhi kwenye foleni ya ATM utamkuta mwalimu wa sekondari, dereva wa watalii, kijana wa vitunguu kutoka Mang'ola, na Mholanzi mwenye kaptura, kila mmoja na kadi yake, wakiiombea dua mashine moja.

Mashine hizi nyingi humpa mgeni laki nne kwa mkupuo. Mgeni hushangaa, maana kwao hizo ni pesa za kawaida, lakini kwetu noti kubwa ni ya elfu kumi, na laki nne ni noti arobaini. Nilimwona Mholanzi huyo akizihesabu kwa ncha za vidole, akazigawa mafungu manne na kuzificha kwenye mifuko minne ya kaptura ileile. Kama kadi aliyochomeka ilikuwa ya debiti, amelipa ada ya kutoa na mambo yameisha. Kama ilikuwa ya mkopo, amekopa taslimu, na mkopo wa taslimu kwenye kadi kwa kawaida haupewi muda wa kupumua: riba inaanza siku ileile, ada juu yake. Kadi ya mkopo ni ya kupitisha dukani. Anayeichomeka kwenye ATM anavuna hasara kwa mikono yake.

Langoni Loduare, noti zake arobaini hazina kazi. Viingilio havipokelewi kwa taslimu. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, mgeni kutoka nje analipa dola 60 na kodi ya ongezeko la thamani juu yake, jumla dola 70.80. Gari la watalii linaloshuka kreta linalipiwa dola 250, na kodi ikiingia inakuwa 295. Raia wa Afrika Mashariki analipa shilingi 10,000, pamoja na kodi 11,800. Wageni wawili katika gari moja, basi, ni dola 436.60 kabla hawajamwona hata swala. Kampuni makini hulipa mapema: mfumo unatoa kumbukumbu namba ya malipo, ile ya mfumo wa serikali ulioanza mwaka 2017, kampuni inalipa benki au kwa simu, na dereva anafika na karatasi yake mkononi. Asiyejipanga hupanga foleni dirishani na kadi.

Asubuhi niliyofika hapo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba taa za gari zilionekana kama mayai. Dereva mmoja alisimama dirishani akiwa na kadi ya mgeni wake, mgeni mwenyewe amejikunyata pembeni na shuka la Kimasai alilonunua Mto wa Mbu. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Mashine inafikiri, inafikiri, inakata. Nyuma yao gari kumi na kitu, injini zinanguruma, na nyani wa Loduare, ambao hawajawahi kuhitaji kadi, wakikagua madirisha yaliyosahauliwa wazi. Mmoja alitoka na sanduku zima la chakula cha mchana. Muamala wake ulikamilika kwa sekunde tatu.

Kwa mwenye hoteli, hadithi ina upande mwingine. Kila kadi inapopita, sehemu ya pesa inabaki njiani: kwa benki iliyotoa kadi, kwa benki yenye mashine, kwa wenye mtandao wa kadi. Tuseme makato ni asilimia tatu. Kati ya laki moja, anapokea 97,000. Hoteli nyingi za ukanda huu zimezoea kumwongezea mgeni asilimia kadhaa akisema "nalipa kwa kadi". Wageni hulalamika. Mimi naona ni uungwana kuliko wanavyofanya kwao, ambako gharama ya kadi imefichwa ndani ya bei ya mkate na kila mtu anailipa, hata bibi anayenunua kwa sarafu. Zile pointi za ndege anazojisifia mwenye kadi ya dhahabu, kuna asiye na kadi aliyezichangia. Karatu wanakuonyesha makato mezani, ukitaka utoe noti.

Noti zenyewe nazo zimebadilika heshima. Novemba 2018 serikali ilifanya operesheni ya kushtukiza kwenye maduka ya kubadilishia fedha Arusha, mengi yakafungwa, na safari iliyozoeleka ya "tubadilishe kwanza pale kona" ikahamia benki na ATM. Kisha Machi 2025 zikatoka kanuni za matumizi ya fedha za kigeni: bei ndani ya nchi zitajwe kwa shilingi, malipo yafanyike kwa shilingi. Mgeni aliyezoea kutoa dola mia, yenye kichwa kikubwa na isiyo na mkunjo, sasa anabadilisha benki au anapitisha kadi. Hapo kuna mtego mdogo ambao hata Mtanzania anayekwenda Dubai au Johannesburg unamhusu. Mashine inaweza kukuuliza: nikukate kwa fedha ya hapa au ya kwenu? Ya kwenu inaonekana ya kirafiki, unaielewa. Lakini ukiichagua, kiwango cha kubadilishia anakipanga mwenye mashine, na mara nyingi anajipendelea. Chagua ya mahali ulipo.

Mtego mwingine ni pesa ya dhamana. Hoteli kubwa na wakodisha magari hushika kiasi fulani kwenye kadi yako unapofika, wasije wakakuta umevunja kioo. Kwenye kadi ya mkopo wanashika nafasi ya kukopa, huhisi kitu. Kwenye debiti wanashika pesa yako ya kula, na kuiachia kunaweza kuchukua siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Wako Watanzania waliolala njaa Nairobi wakiwa na milioni kwenye akaunti.

Hadi hapa kadi ya mkopo inashinda kwa mabao mengi. Basi kwa nini Karatu karibu haipo?

Nilimuuliza dereva mmoja wa watalii, mtu wa makamo, mwenye miaka kumi na minane kwenye njia hii. Aliitikia shikamoo yangu, akacheka. "Mwanangu, ile kadi inataka mtu mwenye mshahara. Mimi nina msimu."

Sijasikia maelezo mafupi kuliko hayo. Kadi ya mkopo ilizaliwa Marekani, Diners Club mwaka 1950 na ya benki mwaka 1958, katika nchi ya watu wanaolipwa kwa kalenda. Inadai kila mwezi kwa sababu mteja wake wa kwanza alilipwa kila mwezi. Benki zetu nazo, kabla ya kukupa, zitataka hati ya mshahara na barua ya mwajiri, au uweke amana benki iwe dhamana, yaani ujikopeshe mwenyewe kwa riba ya benki. Dereva wa Karatu anashika pesa kuanzia Juni hadi Oktoba, tena Desemba hadi Februari. Masika ya Aprili na Mei gari linalala, barabara za porini zinageuka uji, na yeye anakarabati paa. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, kule bondeni Eyasi, anashika pesa akivuna, na bei ikimkubali. Mmasai wa Endulen au Nainokanoka akiba yake inatembea kwa miguu minne, na huwezi kuuza nusu ya ng'ombe ili ulipe kiwango cha chini cha mwezi. Kadi haijui masika. Na mwaka 2020 uliwafundisha wote kwamba hata msimu wenyewe unaweza usije: watalii walioingia nchini mwaka 2019 walikuwa 1,527,230, mwaka uliofuata wakashuka hadi 620,867. Aliyekuwa na mkopo wa gari benki anaikumbuka hesabu hiyo kwa meno.

Lakini usidhani kwamba watu wa Karatu hawanunui kwa mkopo. Jumamosi asubuhi, na elfu kumi na moja zangu, niliongozana na mlinzi wa nyumba ya wageni hadi dukani kwa mama mmoja, nyuma ya barabara kuu. Duka la dirisha la nondo, lina unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni ya mche, na meza ya uwakala pembeni yenye simu tatu. Mlinzi ndiye aliyeniombea. Alimweleza mama kisa chote, kisha akamalizia kwa hoja ambayo hakuna ofisi ya taarifa za wakopaji ingeweza kuipata: "Yuko chumba namba sita. Begi lake tunalo."

Mama akavuta kauntabuku nene lenye jalada gumu, kona zake zimelainika kama kitambaa. Nilimwomba ruhusa nilitazame. Wadaiwa wake hawana majina ya kitambulisho. Kuna "Fundi Pancha", kuna "Mwalimu Hesabu", ambaye pembeni yake pameandikwa "25", siku anayotegemea mshahara. Kuna "Guide Mrefu", na mbele yake: "hadi arudi toka Serengeti". Kuna "Baba Vitunguu", ambaye tarehe yake si tarehe, ni neno moja tu, "mavuno". Kila mtu ana kalenda yake na daftari linaijua. Benki gani ina programu inayokubali kuandikiwa "mavuno"?

Riba hatozi. Ila nilipokazana kuuliza akakiri kwamba anayelipa taslimu humpunguzia kidogo na wa daftari hapunguziwi, ambayo ni riba yenye adabu. Kikomo cha mkopo kipo pia: ukurasa mmoja. Ukijaa, hupewi mwingine mpaka ulipe huo. Na wasiolipa? Akafunua kurasa za nyuma, akanionyesha majina matatu yaliyozungushiwa wino mwekundu. Mmoja alihama bila kuaga. Wawili wapo, wanapita njia nyingine. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama huyu amejifunza kwamba hata yenye daftari hupotea, ila habari zake unazo.

Mahitaji yangu yakaandikwa: mkate, mayai manne, maziwa, na bando la intaneti la kufuatilia malalamiko. Shilingi 14,500. Zile elfu kumi na moja nilizihitaji kwa bodaboda. Sikuona jina aliloniandikia, maana alifunga daftari haraka, mteja mwingine amefika.

Mteja huyo alikuwa kijana mwenye buti za matope, anataka kutuma pesa kwao na salio halitoshi. Mama hakumkopesha. Alimwambia tu, "Si usongeshe?" Akabofya simu yake, muamala ukapita, akaondoka.

Hiyo ndiyo kadi ya mkopo ya Mtanzania wa kawaida, na haina plastiki. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 ilikuwa debiti tupu: tumia ulichonacho. Baadaye mitandao na benki zikaongeza mlango wa nyuma. Vodacom wana Songesha, inayokumalizia muamala pale salio linapopungua, na pesa yoyote ya kwanza ikiingia inajikata. Tigo walileta Nivushe na Bustisha, Airtel wakaja na Timiza. Wakenya wana Fuliza tangu Januari 2019. Tazama majina hayo: songesha, nivushe, timiza, fuliza. Hakuna hata moja lenye neno deni ndani yake. Yeyote aliyeyabuni anakijua Kiswahili vizuri, na anatujua sisi vizuri zaidi.

Nina shaka nazo, na nitaisema. Kadi ya mkopo, pamoja na ubaya wake wote, inakupa hesabu kwa maandishi na siku za kulipa bila riba. Mkopo wa simu unakata ada tangu mwanzo na unajilipa wenyewe kabla hujapanga pesa iliyoingia ni ya nini. Dereva akitumiwa ada ya shule ya mtoto, simu inajichukulia kwanza ya kwake. Daftari la mama huyu lingemwuliza. Hata hivyo mitandao hii angalau ina leseni. Nyuma yao kuna vijiprogramu vya mikopo ya haraka vilivyokuwa vikiwapigia simu ndugu na mabosi wa mdaiwa kumwaibisha; Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza 69 kati yavyo kuwa haviruhusiwi. Na mitaani, Karatu kama Mbagala, iko mikopo ambayo akina mama wenyewe wameipa jina lake halisi: kausha damu. Kanuni za Benki Kuu zinawawekea wakopeshaji wadogo ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Waliokaushwa walitozwa kwa wiki.

Upande wa debiti nao simu imeuchukua. Ukutani mwa lile duka, juu ya kreti za soda, kimebandikwa kibao cha lipa namba. Mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, uliozinduliwa rasmi mwaka 2024, umeyaunganisha mabenki na mitandao, kwa hiyo pesa ya mtandao mmoja inafika kwenye mwingine bila kuzunguka. Kwa matumizi ya kila siku, hiki kibao kimeishinda kadi kabla mechi haijaanza, maana mashine ya kadi mama huyu hajawahi kuwa nayo na hataki. Ila kibao nacho kina kumbukumbu chungu. Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza, ikifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa, watu walirudi kwenye noti ndani ya wiki chache tu. Serikali ikaipunguza, 7,000, kisha 4,000, mwishowe ikalegeza zaidi. Wapo waliorudi kwenye simu. Wapo ambao hadi leo, ukitaja lipa namba, wanauliza kwanza: makato ya nani?

Jumamosi hiyo ilikuwa tarehe 7, siku ya mnada wa Karatu. Nilikwenda mchana kwa miguu. Mbuzi, ng'ombe, mitumba, masufuria, ndala za matairi, moshi wa nyama choma unaokushika nguo siku mbili. Nilimtazama mzee mmoja aliyevaa lubega akiuza beberu. Walivutana bei kwa dakika ishirini, bila haraka. Kisha noti zikahesabiwa mara tatu: na mnunuzi, na mzee, na kijana wake aliyesimama kando. Zikaingia ndani ya lubega. Hapo hapana cha kadi ya debiti wala ya mkopo, na hapana pesa inayokwama njiani, kwa sababu kutoka mkono hadi mkono hakuna njia.

Nami nikiulizwa ninabeba nini sasa, sioni haya kujibu. Kadi ya debiti ninayo, lakini haiko kwenye akaunti ya mshahara. Nilifungua akaunti ya pili, ndogo, ninayoijazia pesa ya safari tu kwa simu, ili mashine ikigoma igome na cha juu. Kadi ya mkopo ningeichukua kwa tiketi za ndege, hoteli za nje na manunuzi ya mtandaoni, mambo ya kulipia leo na kupewa kesho, kwa sharti kwamba mshahara wa mwezi huohuo unaifuta yote. Asiye na uhakika huo aiache, kwa maana kulipa kiwango cha chini ni kukopa harusi na kulipa matanga kila mwezi. Na noti, laki moja hivi, ndani ya soksi. Wenzangu wa mjini wanacheka soksi. Hawajalala Karatu Ijumaa.

Pesa yangu ilirudi siku ya kumi na moja ya kazi. Kwa kalenda ya watu wengine ilikuwa siku ya kumi na saba, nami nilikuwa nimesharudi Dar es Salaam. Deni la mama nilikuwa nimelilipa mapema, Jumatatu iliyofuata baada ya mdogo wangu kunitumia pesa, kupitia kibao chake cha lipa namba. Siku muamala uliporudi nilimpigia kumweleza, nikamwomba kitu kimoja: anipigie picha ya ule ukurasa. Akaniuliza wa nini. Nikasema nataka kujua aliniandika nani.

Picha ilifika jioni, imekaa upande, kidole gumba kimeziba kona. Chini ya "Guide Mrefu", ambaye alikuwa bado hajarudi toka Serengeti, palikuwa na mstari mmoja uliokatwa kwa wino wa bluu: "Kadi Imegoma. 14,500."